Maonyesho ya mbwa na paka wa nasaba

Maonyesho ya mbwa na paka wa nasaba ni mashindano ambamo mwamuzi huwapima wanyama wa aina zinazotambulika kwa kuwalinganisha na maelezo rasmi ya aina yao. Mshindi si lazima awe mnyama anayependwa zaidi na watazamaji, wala yule aliyefundishwa mambo mengi. Ni yule ambaye, kwa maoni ya mwamuzi wa siku hiyo, amekaribia zaidi maelezo hayo kwa umbile, mwendo, manyoya na tabia.

Shabaha ya awali ya maonyesho ilikuwa kuwatambua wanyama wanaofaa kuzaa kizazi kijacho. Kanuni nyingi zinazomshangaza mgeni zinatokana na shabaha hiyo. Kwa mfano, mbwa aliyehasiwa kwa kawaida hawezi kushindania ubingwa wa umbile, kwa sababu hatazaa. Kwa upande wa paka mambo ni tofauti: vyama vingi vina kundi maalumu la paka waliohasiwa, lenye vyeo vyake.

Nasaba na kiwango cha aina

Mnyama wa nasaba ni yule ambaye wazazi, babu na bibi zake wanajulikana na wameandikwa katika daftari la chama kinachotambulika. Hati ya nasaba huonyesha majina ya wazee hao, kwa kawaida vizazi vitatu hadi vitano. Sura pekee haitoshi: mbwa anaweza kufanana kabisa na German Shepherd na bado asikubaliwe maonyeshoni kama hana hati. Wauzaji wengi huwaita watoto wa mbwa "safi" bila karatasi yoyote, na anayetaka kushindana hugundua tatizo hilo wakati ameshalipa.

Kiwango cha aina ni maandishi yanayoeleza jinsi mnyama kamili wa aina fulani anavyopaswa kuwa. Hutaja urefu, umbo la kichwa, macho, masikio, meno, kifua, mgongo, miguu, mkia, rangi, mwendo na tabia. Hutaja pia kasoro, yaani mambo yanayopunguza thamani ya mnyama mbele ya mwamuzi, na mambo yanayomwondoa kabisa katika mashindano. Hakuna mnyama anayetimiza kila neno la kiwango. Kazi ya mwamuzi ni kupima uzito wa kila sifa na kila kasoro, na hiyo ndiyo sababu mbwa yuleyule anaweza kushinda Jumamosi na kuwa wa nne Jumapili.

Historia

Maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kisasa yalifanyika Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwezi Juni 1859. Yalikuwa na mbwa 60 hivi wa aina mbili tu, pointer na setter, ambao hutumiwa na wawindaji wa ndege. Zawadi za washindi zilikuwa bunduki. Mwaka 1873 iliundwa The Kennel Club mjini London ili kuweka daftari moja la nasaba na kanuni za mashindano. Nchini Marekani maonyesho ya Westminster yalianza New York mwaka 1877, na American Kennel Club (AKC) ikaundwa mwaka 1884.

Maonyesho ya Crufts yamepewa jina la Charles Cruft, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya biskuti za mbwa. Aliyaandaa kwa jina hilo kwa mara ya kwanza mwaka 1891 huko Islington, London. Baada ya kifo chake mwaka 1938 yalichukuliwa na The Kennel Club, na tangu 1991 hufanyika Birmingham.

Kwa paka, siku inayokumbukwa zaidi ni tarehe 13 Julai 1871, ambapo Harrison Weir, mchoraji na mpenzi wa wanyama, aliandaa maonyesho katika jumba la Crystal Palace, London. Weir ndiye aliyeandika vigezo vilivyotumika kuwapima paka, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waamuzi. Wakati huo paka alihesabiwa na wengi kuwa mnyama wa kukamata panya tu, na maonyesho hayo yalichangia kubadilisha mtazamo huo. Mwaka 1895 yalifanyika maonyesho makubwa ya paka katika Madison Square Garden, New York, na mshindi alikuwa paka jike wa aina ya Maine Coon aliyeitwa Cosey.

Vyama vinavyosimamia

Kila maonyesho rasmi hufuata kanuni za chama fulani, na ushindi huhesabiwa katika daftari la chama hicho.

Kwa mbwa, vyama vikubwa ni The Kennel Club ya Uingereza, AKC ya Marekani, na shirikisho la kimataifa FCI, lililoundwa mwaka 1911 na lenye makao yake Thuin, Ubelgiji. FCI hugawa aina za mbwa katika makundi 10, ilhali Uingereza na Marekani kila moja ina makundi 7. Mgawanyo hufuata hasa kazi ya asili ya mbwa: kuchunga mifugo, kuwinda kwa kunusa au kwa kuona, kuingia mashimoni kutafuta wanyama wadogo, kulinda, au kukaa na mtu kama mwenzi.

Kwa paka, Uingereza ina GCCF iliyoundwa mwaka 1910. Marekani ina CFA, iliyoundwa mwaka 1906, na TICA, iliyoundwa mwaka 1979. Vyote viwili vina maonyesho pia katika nchi nyingine. Shirikisho la FIFe lilianzia Ulaya mwaka 1949.

Vyama havikubaliani katika kila jambo. Aina inayotambuliwa na chama kimoja inaweza kukataliwa na kingine, na umri au rangi zinazoruhusiwa hutofautiana. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa anayeanza ni kujua atashindana chini ya chama gani, kisha kusoma kanuni za chama hicho na si za kingine.

Aina zenye asili ya Afrika

Basenji ni mbwa mdogo wa kuwinda kutoka misitu ya Kongo. Habweki kama mbwa wengine bali hutoa sauti inayofanana na wimbo. Jina lake linahusishwa na neno lilelile ambalo katika Kiswahili ni "washenzi", lililotumiwa zamani kwa dharau juu ya watu wa bara. Mbwa hawa waliletwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, lakini wale wa kwanza walikufa kwa maradhi. Mwaka 1937 walionyeshwa Crufts na kuvuta umati mkubwa, na mwaka 1943 AKC ikawatambua. Kwa kuwa wote nje ya Afrika walitokana na wanyama wachache, AKC ililifungua tena daftari la Basenji mwaka 1990 ili kupokea mbwa wapya waliotoka Kongo.

Sokoke ni paka mwenye madoa kama ya gamba la mti, aliyepewa jina la msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, Kenya. Wagiriama humwita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa pwani ya Kenya, aliwaona watoto wa paka wenye manyoya hayo na kuanza kuwazalisha. Baadhi yao walipelekwa Denmark, wakaonyeshwa Copenhagen mwaka 1984, na FIFe ikaitambua aina hiyo mwaka 1993. Hivyo paka ambaye Malindi na Watamu angepita bila kutazamwa mara mbili ana kiwango chake rasmi na waamuzi wanaomsubiri Ulaya.

Katika Afrika Mashariki maonyesho ya mbwa huandaliwa nchini Kenya na East Africa Kennel Club, yenye makao yake Nairobi. Chama hicho huweka pia daftari la nasaba na kutoa hati kwa wafugaji.

Hatua za kuanza

Kutazama kabla ya kununua

Wafugaji wazoefu kwa kawaida humshauri mgeni ahudhurie maonyesho mawili au matatu bila mnyama. Huko huona aina mbalimbali zikiwa hai na si katika picha, husikia ukubwa wa kelele, na huona saa ngapi hutumika kuchana manyoya ya mbwa mmoja kabla hajaingia ulingoni. Muda mzuri wa kuzungumza na wafugaji ni baada ya aina yao kuhukumiwa. Kabla ya hapo wana shughuli, na wengine hawapendi mnyama wao aguswe na mtu ambaye huenda ametoka kushika wanyama wengine.

Kuchagua aina

Ushindi ni dakika chache kwa mwezi, lakini mnyama huishi nyumbani kila siku kwa miaka kumi au zaidi. Kwa hiyo aina huchaguliwa kwanza kwa kuangalia maisha ya familia. Paka wa Persian huhitaji kuchanwa kila siku. Border Collie huhitaji kazi na mbio. Mbwa wenye pua fupi, kama Bulldog na Pug, hupata shida ya kupumua kwenye joto, jambo lenye uzito mkubwa katika miji kama Mombasa au Dar es Salaam. Wanyama wenye manyoya mafupi, kama Basenji au paka wa Burmese, ni rahisi zaidi kwa anayeanza kwa sababu maandalizi yao ni machache.

Kumpata mnyama

Wazalishaji hutofautisha kati ya mtoto anayefaa maonyesho na yule anayefaa kuwa mnyama wa nyumbani tu. Tofauti inaweza kuwa ndogo: meno yasiyokutana sawasawa, doa jeupe pasipotakiwa, au mkia uliopinda. Mnyama wa kundi la pili ana afya ileile na upendo uleule, ila hatashinda. Mnunuzi anapaswa kusema wazi tangu mwanzo kwamba anataka kushindana. Hata hivyo hakuna mzalishaji mkweli anayeweza kuahidi kwamba mtoto wa wiki nane atakuwa bingwa. Anaweza tu kusema anaonyesha dalili nzuri.

Kabla ya kulipa, mambo haya huangaliwa:

- Hati ya nasaba na uthibitisho kwamba wazazi wote wawili wameandikishwa.
- Kama uandikishaji una mipaka. Baadhi ya wazalishaji humwandikisha mtoto kwa sharti kwamba asizalishwe. Katika AKC, mbwa mwenye uandikishaji wa namna hiyo hawezi kushindania ubingwa wa umbile.
- Matokeo ya vipimo vya afya vya wazazi, kwa mfano picha za nyonga kwa mbwa wakubwa au vipimo vya moyo kwa paka wa Maine Coon.
- Mkataba wa maandishi unaosema nani ni mmiliki, nani ana haki ya kuzalisha, na nini kitafanyika mnunuzi akishindwa kumtunza mnyama.
- Mama wa watoto mwenyewe: anavyoishi, tabia yake na afya yake.

Mkataba wa umiliki wa pamoja, ambapo mzalishaji hubaki na sehemu ya haki juu ya mnyama, ni wa kawaida katika ulimwengu huu. Unaweza kumsaidia mgeni kupata mnyama bora na mwalimu kwa pamoja, lakini pia ni chanzo cha magomvi mengi ikiwa maneno yake hayakuandikwa wazi.

Kuandikisha

Baada ya kununua, umiliki huhamishwa katika daftari la chama kwa jina la mmiliki mpya. Vyama vingi hudai mnyama awe na chipu chini ya ngozi inayobeba namba yake. Jina rasmi la mnyama mara nyingi ni refu na hutanguliwa na jina la ukoo wa mzalishaji. Nyumbani anaweza kuitwa Simba au Tausi bila tatizo.

Maandalizi

Mbwa

Mbwa wa maonyesho hufundishwa mambo makuu matatu. La kwanza ni kusimama kwa utulivu, miguu ikiwa imepangwa ili umbile lake lionekane. La pili ni kwenda mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kando ya mshikaji bila kuvuta kamba wala kurukaruka. La tatu ni kukubali kuguswa na mtu asiyemjua, pamoja na kufunguliwa mdomo ili meno yaonekane. Mbwa dume hukaguliwa pia kama korodani zote mbili zimeshuka. Mbwa wadogo huzoeshwa kusimama juu ya meza.

Mazoezi huanza mapema, dakika chache kila siku, kwa zawadi ya chakula na sauti ya upole. Vilabu vingi huwa na madarasa ya kufundisha mbwa na mshikaji pamoja. Mshikaji naye ana mambo ya kujifunza: asisimame kati ya mbwa na mwamuzi, na achague mwendo unaomfaa mbwa wake. Mbwa mwenye mwendo mzuri huharibiwa na mshikaji anayekimbia mno au anayembana kwa kamba.

Paka

Paka hufundishwa zaidi kuvumilia: kusafiri katika kizimba, kukaa mahali penye kelele na harufu za paka wengine, kuinuliwa na kunyooshwa na mtu mgeni. Kucha hukatwa ncha kabla ya maonyesho, na baadhi ya vyama hudai hivyo kwa usalama wa waamuzi. Paka wenye manyoya marefu huogeshwa siku chache kabla, hukaushwa kwa hewa ya uvuguvugu na kuchanwa hadi nywele zisishikane.

Si kila paka anafaa. Mnyama anayetetemeka, anayekataa kula au anayeng'ata kila aendapo maonyeshoni anasema kwa njia yake kwamba hapendi shughuli hiyo, na wafugaji wazuri humwacha nyumbani. Paka anayemng'ata mwamuzi anaweza kuondolewa katika mashindano.

Chanjo na safari

Maonyesho hukusanya mamia ya wanyama chini ya paa moja, hivyo ugonjwa unaweza kuenea haraka. Chanjo hutakiwa zikamilike kwa wakati, ikiwemo ya kichaa cha mbwa katika nchi ambako ugonjwa huo upo. Anayevuka mpaka na mnyama, kwa mfano kutoka Tanzania kwenda Kenya, huhitaji kibali cha kuingiza mnyama na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali. Mnyama anayekohoa, kuharisha au kuwa na viroboto hapelekwi maonyeshoni, hata kama ada imeshalipwa.

Kujaza fomu

Fomu ya kushiriki hufungwa siku au wiki kadhaa kabla ya maonyesho. Hujazwa kama ilivyo katika hati ya uandikishaji: jina rasmi, namba, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, wazazi, mzalishaji na mmiliki. Kosa dogo linaweza kufuta ushindi baadaye.

Sehemu ngumu kwa mgeni ni kuchagua daraja. Katika AKC na The Kennel Club mbwa hushindana kuanzia umri wa miezi 6. Katika maonyesho ya FCI kuna daraja la vijana wa miezi 9 hadi 18, la kati la miezi 15 hadi 24, la wazi kuanzia miezi 15, la mabingwa, na la wazee kuanzia miaka 8. Katika CFA na TICA watoto wa paka hushindana wakiwa na miezi 4 hadi 8, na kuanzia miezi 8 huhesabiwa watu wazima.

Siku ya maonyesho

Ulingo wa mbwa

Mbwa wa daraja moja huingia pamoja na kuzunguka ulingo. Mwamuzi humwita mmoja mmoja, humtazama kutoka mbele, ubavuni na nyuma, humpapasa mifupa na misuli, kisha humwomba mshikaji amtembeze kwenda na kurudi. Mwendo huonyesha mambo ambayo manyoya yaliyochanwa vizuri yanaweza kuyaficha, kwa mfano viwiko vilivyolegea au miguu ya nyuma isiyo na nguvu. Mwishoni mwamuzi huwapanga washindi. Katika maonyesho ya FCI kila mbwa hupewa pia daraja la ubora, kuanzia bora sana hadi la kutosha tu, na mara nyingi maoni ya maandishi. Karatasi hiyo ni ya thamani kwa anayeanza kuliko utepe, kwa sababu inamweleza kasoro za mbwa wake.

Mashindano yamejengwa kama mlima. Washindi wa madaraja hukutana ili apatikane bora wa aina. Bora wa kila aina hukutana na wenzao wa kundi moja, na washindi wa makundi hukutana mwishoni kutafuta bora wa maonyesho yote. Katika hatua za juu, Bulldog hashindanishwi na Poodle moja kwa moja. Kila mmoja hupimwa kwa kiwango chake, na mshindi ni yule aliyekaribia zaidi cha kwake.

Meza ya paka

Kuna mitindo miwili mikuu. Katika mtindo wa Marekani unaofuatwa na CFA na TICA, kila mwamuzi ana eneo lake lenye vizimba na meza. Namba ya paka ikiitwa, mmiliki humpeleka kizimbani na kwenda kukaa. Mwamuzi humtoa paka, humpima mezani mbele ya watu, humchezesha kwa unyoya ili aone macho na wepesi wake, kisha husafisha meza na mikono kwa dawa kabla ya kumshika mwingine. Maonyesho mamoja yanaweza kuwa na waamuzi kadhaa, na kila mmoja huamua peke yake.

Katika mtindo wa jadi wa Uingereza, paka hukaguliwa kwanza na daktari wa mifugo mlangoni. Kisha hukaa katika vizimba vyenye namba, na blanketi, bakuli na chombo cha mchanga vyote huwa vyeupe ili mwamuzi asijue paka ni wa nani. Wamiliki huondoka, na mwamuzi na msaidizi wake hupita kizimba hadi kizimba.

Vyeo

Bingwa hapatikani kwa siku moja. Nchini Uingereza mbwa huhitaji vyeti vitatu vya ubingwa kutoka kwa waamuzi watatu tofauti. Katika AKC huhitaji pointi 15, zikiwemo za ushindi mkubwa mara mbili, yaani ushindi wenye pointi 3 hadi 5, chini ya waamuzi tofauti. Idadi ya pointi hutegemea idadi ya mbwa walioshindwa. Ubingwa wa kimataifa wa FCI hudai ushindi katika nchi zaidi ya moja. Sharti la waamuzi tofauti lipo ili cheo kisitegemee jicho la mtu mmoja.

Gharama

Maonyesho ya kawaida hayaleti utajiri. Zawadi huwa utepe, kikombe au mfuko wa chakula. Gharama ni nyingi: bei ya mnyama, uandikishaji, chanjo, vipimo, chakula, vifaa vya kuchana, ada za kushiriki, usafiri na malazi. Wengine hulipa mshikaji wa kazi hiyo. Fikra kwamba gharama zitarudi kwa kuuza watoto mara nyingi haitimii kwa mzalishaji anayefanya vipimo na kuwatunza wanyama ipasavyo. Wengi wanaodumu ni wale wanaoichukulia shughuli hii kama burudani inayolipiwa.

Afya ya wanyama na ukosoaji

Lawama kubwa dhidi ya maonyesho ni kwamba yamezawadia sura hata pale inapomwumiza mnyama. Kiwango kinaposema "pua fupi", na waamuzi wakachagua kila mwaka mwenye pua fupi zaidi, baada ya vizazi kadhaa hutokea mbwa asiyeweza kupumua vizuri. Pia daftari lililofungwa huwafanya ndugu wa karibu wazae pamoja, na magonjwa ya kurithi huongezeka.

Mwaka 2008 filamu ya BBC iitwayo Pedigree Dogs Exposed iliibua mjadala mkali Uingereza, na BBC ikaacha kutangaza Crufts. The Kennel Club ilirekebisha viwango vya aina nyingi. Mwaka 2012 ilianza kuwataka washindi wa aina 15 zenye hatari zaidi wakaguliwe na daktari wa mifugo kabla ya ushindi kuthibitishwa. Katika Crufts ya mwaka huo, aina 6 kati ya hizo 15 zilishindwa ukaguzi, zikiwemo Bulldog na Pekingese, na washindi wao hawakuruhusiwa kuendelea.

Mfano wa marekebisho ni Dalmatian. Mbwa wote wa nasaba wa aina hii walikuwa na kasoro ya kurithi inayosababisha mawe katika kibofu. Mwaka 1973 nchini Marekani Dalmatian mmoja alizalishwa na pointer, na uzao wake ukarudishwa kwa Dalmatian kizazi baada ya kizazi. Wajukuu hao wa mbali walionekana kama Dalmatian wengine lakini bila kasoro hiyo. Hata hivyo wafugaji wengi waliwakataa kwa miaka mingi wakisema ni machotara. The Kennel Club iliwakubali mwaka 2010, na AKC mwaka 2011.

Kwa paka, mfano ni Scottish Fold, ambaye masikio yake yamekunjwa. Jini linalokunja masikio huathiri gegedu za mwili mzima na huleta maumivu ya viungo. GCCF na FIFe hazimtambui, lakini vyama vingine vinamkubali. Kukata masikio ya mbwa ili yasimame kulizuiwa katika maonyesho ya Uingereza tangu mwisho wa karne ya 19, ilhali Marekani bado kunaruhusiwa.

Mambo hayo yanamgusa moja kwa moja anayeanza. Kila mnunuzi anayedai vipimo, na kila mwonyeshaji anayekataa kumzalisha bingwa mgonjwa, husaidia kuamua aina hiyo itakuwaje baada ya miaka ishirini.

Wanyama wasio na nasaba

Kukosa hati hakumfungii mtu mlango. CFA na TICA zina daraja la paka wa nyumbani, ambamo paka wa mtaani aliyeokotwa hupimwa kwa afya, usafi, uzuri na tabia bila kiwango cha aina. Paka hao kwa kawaida hutakiwa wawe wamehasiwa wakifikia utu uzima. Uingereza ina mashindano ya Scruffts kwa mbwa machotara. Mbwa koko anaweza pia kushiriki michezo ya utii na ya kuruka vizuizi pale vilabu vinaporuhusu, ambako hupimwa kwa anachofanya na si kwa wazazi wake. Kwa wengi hiyo ndiyo njia nafuu ya kujifunza taratibu za ulingo, kumzoesha mnyama umati, na kujua kama shughuli hii inawafaa wote wawili kabla ya kununua mnyama wa bei kubwa.